Onyesho la Arobaini na Saba

Savely Tikhonovich Purtov alikuwa amefukuzwa nyumbani kwake kwa adabu kubwa mno. Hakuna aliyempandishia sauti. Walimwita "mpendwa wetu", wakambebea godoro lake mpaka kwenye bafu la mvuke lililo nyuma ya ua, wakampelekea redio, birika na mtungi wa matango ya chumvi, halafu wakamfungia mlango taratibu ili baridi isimwingie. Hata mkwe mkorofi hafukuzwi vizuri namna ile.

Aliyemfukuza ni mwanawe wa kumzaa. Ignat alikuwa mwongozaji wa filamu huko Moscow, na sasa amerudi kijijini Luchkino na malori matatu, watu thelathini na mwigizaji mmoja maarufu, aje kupiga filamu yake kubwa ya kwanza ndani ya nyumba aliyozaliwa. Filamu yenyewe ilihusu baba na mwana wasioelewana. Kijiji kizima kilijua baba ni nani na mwana ni nani. Waliojifanya hawajui ni wawili tu, Savely na Ignat.

Tangu kijana aondoke akiwa na miaka kumi na saba, walikuwa wakizungumza mara mbili kwa mwaka, kwa simu, Mwaka Mpya na siku ya kuzaliwa ya mzee.

"Afya vipi, baba?"

"Ipo."

"Theluji?"

"Ipo."

"Haya, baba."

"Haya."

Nina Pavlovna, mama yake Ignat, alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akiijaza simu ile maneno. Alipofariki, simu ikabaki na "ipo" zake.

Usidhani mzee alichukia kulala bafuni. Alikuwa fundi wa majiko, yale makubwa ya matofali yanayopasha nyumba nzima, na kwa miaka arobaini alikuwa amelala kwenye nyumba za watu mbalimbali huku udongo ukikauka. Bafu lake mwenyewe lilikuwa hoteli. Tena alifurahia kuchungulia dirishani akiona vijana wa Moscow wakivaa soksi tatu tatu na bado wakitetemeka. Kilichomkera ni Stolbov.

Valerian Arkadyevich Stolbov, ambaye nchi nzima imemwona kwenye televisheni akiwa jenerali, waziri, na mara moja askofu, ndiye aliyekuwa anaigiza baba. Kwa ajili hiyo alimfuata Savely siku tatu kama ndama. Savely akikohoa, naye anakohoa. Savely akijikuna shingo, naye anajikuna shingo, ila yeye hujikuna vizuri zaidi, kama mtu aliyesomea. Siku ya pili alikuja na kofia iliyochakaa ya masikio mawili, sikio moja limelegea. Savely aliivua ya kwake, akaitazama, akaitazama ya mgeni, akaivaa tena kimya kimya. Hata ule uzi unaoning'inia wameuning'iniza.

Jumatano mchana Stolbov aliomba waoge pamoja, ili amwelewe mhusika "kutoka ndani ya ngozi". Savely akamkaribisha. Akamwaga maji kwenye mawe mara saba, akamchapa kwa matawi ya mbetula mpaka jenerali, waziri na askofu wote wakaomba msamaha kwa pamoja, na mtu yule akatoka nje mbio, mwekundu kama bitiruti, akajitupa kwenye theluji na kuahidi hatarudi. Alisahau vitu viwili bafuni: soksi moja, na muswada wa filamu.

Savely alivaa miwani.

Kwanza alisoma kwa raha, maana ni nani asiyependa kujisoma? Baba kwenye muswada alikuwa hasemi, basi maneno yalikuwa machache na kurasa zilienda haraka. Akafika onyesho la arobaini na saba. Hilo alilisoma mara tatu, halafu akavua miwani, akaifuta, akalisoma mara ya nne.

*Baba anachukua daftari la kijana, lenye jalada la kijani. Anajua ni nini. Anamtazama kijana machoni. Anachana ukurasa mmoja mmoja na kuutia jikoni. Anatabasamu.*

"Anatabasamu!" Savely aliyaambia matango. "Mimi? Natabasamu?"

Aliapa kwamba jambo hilo halikutokea. Akaapa tena. Katikati ya kiapo cha tatu, kumbukumbu ikamjia, mbaya, yenye harufu ya kuni mbichi. Februari moja, miaka ishirini na miwili nyuma. Nina ana homa, kuni zimelowa, moto haushiki. Yeye anapapasa kwenye rundo la karatasi pembeni mwa jiko, magazeti, kalenda ya mwaka uliopita, na kitu chenye jalada gumu. Rangi gani? Kijani? Alikitia ndani, moto ukashika, akafurahi. Pengine ni kweli alitabasamu. Mtu hutabasamu moto ukishika!

Ndipo akaelewa kwa nini mtoto wake alinyamaza mwezi ule, na ni kama hakurudi tena kuongea. Miaka yote yeye alidhani ni ujana tu, kwamba utapita kama chunusi. Kumbe alikuwa ameunguza kitabu cha kwanza cha mtu, na hata hakukitazama. Na filamu ikitoka, mbele ya nchi nzima, Stolbov atakitazama kwa niaba yake na kutabasamu.

Alhamisi, chakula cha mchana, alimkuta Ignat kwenye foleni ya gari la chakula, sahani mkononi, uji mkavu wa grechka na kababu mbili.

"Ignat, lile la arobaini na saba, litoe."

Ignat aligeuka polepole. "Nani amekupa muswada?"

"Askofu."

"Baba, kwanza, yule si wewe. Ni mhusika wa jumla. Nimewachanganya baba wengi."

"Na wote hao wana kofia yangu?"

Foleni ilikohoa. Mtu mmoja aliinamia kababu yake kana kwamba imemwita.

"Stolbov anaondoka kesho saa sita," Ignat alisema chini chini. "Leo alasiri tunaipiga arobaini na saba, na hiyo ndiyo filamu yote, baba. Bila hiyo sina filamu, nina mzee anayetembea tembea na kofia."

"Hilo daftari, sikiliza, mimi siku ile..."

Savely alitazama kushoto. Watu thelathini wenye sahani. Alitazama kulia. Jirani yake Zinaida Fominichna, aliyekuja eti kuwauzia maziwa, na masikio yake yote mawili yako wima. Utasemaje mbele ya masikio yale kwamba uliwashia jiko kitabu cha mwanao kwa sababu hukukiona? Ukiwa katili, watu hukuogopa. Lakini hili watalicheka mpaka Pasaka.

"Siku ile nini?" Ignat aliuliza, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilikuwa na kitu ndani.

"Basi," Savely alisema. "Kababu zako zinapoa."

Akaenda zake. Na kwa kuwa maneno yalikuwa yamemshinda, alienda kuchukua ngazi.

Fundi wa majiko ana njia zake za kusema. Mwenye nyumba akimnyima heshima, fundi hafoki. Anajenga jiko zuri, anaaga vizuri, na upepo wa kwanza ukivuma nyumba inaanza kulia kama mbwa mwitu aliyefiwa, kwa sababu shingo ya chupa imejificha mahali fulani kwenye dohani ya kutolea moshi. Mwenyekiti mmoja wa wilaya aliishi na kilio hicho majira mawili ya baridi, na alipoomba radhi kilio kikaisha. Savely alikuwa na shingo za chupa mbili, moja nene na moja nyembamba. Akazitia zote mbili, ziimbe kwa sauti mbili.

Alasiri hiyo, ndani ya nyumba, kimya kilipoitishwa na Stolbov akavuta pumzi ya kusema sentensi yake ndefu kuliko zote, isemayo "Keti," jiko likasema kabla yake.

"Uuuuuu."

"Kata! Nani huyo?"

"Uuuuuu-iiiii," lilijibu jiko.

Fundi sauti, kijana mnene aitwaye Vadik, alivua vile vya masikioni akiwa mweupe. Mrembeshaji akajifanyia ishara ya msalaba. Zinaida Fominichna, ambaye maziwa yake yalikuwa yameshaisha lakini yeye hajaisha, aliingia na kipande cha mkate na kisahani cha maziwa, akaviweka nyuma ya jiko kwa ajili ya domovoi, kibabu wa nyumba asiyeonekana.

"Amekasirika," aliwaambia. "Mmemhamisha mwenyewe mkaleta wa bandia." Akatoka, akampita Savely aliyekuwa anachonga kijiti uani kwa utulivu wa malaika. "Tikhonich, domovoi wako ana sauti mbili siku hizi?"

"Anazeeka," alisema Savely. "Anapenda kwaya."

Lakini Ignat hakuwa mwenyekiti wa wilaya. Alisimama katikati ya nyumba, akasikiliza, akasema, "Tunaendelea. Sauti tutaiweka Moscow."

Savely aliyasikia hayo dirishani na kijiti kikamvunjikia. Sauti wataiweka Moscow! Watu gani hawa wasioogopa hata mzimu? Wakapiga maonyesho matano huku jiko likilia, na arobaini na saba, kwa kuwa mwanga ulikuwa umepungua, wakaiahirisha mpaka asubuhi ya Ijumaa. Alikuwa amepata nafasi moja tu.

Basi Ijumaa, kulipopambazuka na wale wa Moscow wakiwa bado wanatafuta soksi zao, alipanda tena na kipande cha kioo cha dirisha. Huo ni mzaha wa ndani zaidi, ambao fundi humwekea mtu aliyemuumiza hasa. Kioo kinalazwa ndani ya dohani juu kabisa. Ukichungulia kutoka chini unaona mbingu, safi, ya bluu, hakuna kilichoziba. Ukiwasha moto, moshi wote unarudi kukusalimia. Watu wamebomoa majiko mazima wakitafuta kosa.

Saa tatu Stolbov alipiga magoti mbele ya jiko, akawasha.

Saa tatu na dakika mbili, malori matatu yalikuwa yanapiga honi bila sababu, madirisha yote yamefunguliwa, na watu thelathini wanatoka mlangoni wakilia machozi ambayo hakuna mwongozaji aliyewahi kuyapata kwao. Stolbov alitoka wa mwisho, amebeba muswada. Hapo kwenye ngazi za barazani ukamponyoka, ukaanguka kwenye dimbwi la theluji iliyoyeyuka. Wote wakaganda. Muswada ukianguka, mwigizaji lazima aukalie palepale, la sivyo filamu haitaisha, na hilo hata anayejiita msomi halichezei. Stolbov alilitazama dimbwi. Akawatazama watu. Kisha, kwa heshima ya jenerali, waziri na askofu, akaketi.

"Ni baridi?" aliuliza mrembeshaji.

"Inaingia," alisema Stolbov.

Ignat alirudi ndani na kitambaa puani, na kioo kidogo cha kujitazamia mkononi. Akafungua kimlango cha masizi, akaingiza kile kioo, akaona mbingu. Nzuri sana. Akakaa akiitazama mbingu ile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Alipotoka hakumwuliza mtu. Alichukua tofali kwenye rundo la uani, akaegemeza ngazi, akapanda.

"Ignat!" Savely alitoka bafuni na blanketi mabegani. "Shuka, paa lina barafu! Utavunjika shingo!"

"Ninajua ninachofanya. Nilikandika udongo wako miaka mitatu, umesahau? Ukamwekea kioo yule mwenye duka kwa sababu alikuita mlevi. Nilikushikia tochi!"

Savely akapanda nyuma yake. Mzee wa miaka sitini na tisa akiwa na mabuti ya sufu juu ya paa la barafu, kila hatua ni mkataba mpya na Mungu. Alifika kwenye dohani akihema, akaikumbatia upande wake. Ignat ameikumbatia upande wa pili. Kwa mbali ungedhani wanagombea mwanamke.

"Kwa nini?" Ignat alisema.

"Wewe kwa nini? Anatabasamu! Ndivyo ulivyoandika, anatabasamu!"

"Kwa sababu ulitabasamu! Nilikuwa mlangoni, nilikuona! Ulilichukua, ukalitia, ukatabasamu. Miaka ishirini na miwili nimejiuliza kulikuwa na nini ndani kibaya kiasi kile. Nimekaa na wanasaikolojia, baba. Wawili! Mmoja alilia."

"Hakukuwa na kitu kibaya ndani!"

"Unajuaje?"

"Sijui! Ndiyo nakwambia! Sikulisoma!"

Ignat aliinua tofali, akaliachia kwenye dohani kwa hasira. Chini kioo kikapasuka, na moshi wa mwisho ukawapulizia usoni wote wawili, wakakohoa kikohozi kilekile. Stolbov, aliyekuwa uani na suruali iliyolowa, alitikisa kichwa kwa wivu.

"Umesemaje?" Ignat aliuliza.

"Mama yako alikuwa na homa," Savely alisema, macho yake kwenye masizi. "Kuni zilikuwa mbichi. Nilipapasa karatasi, nikapata karatasi, nikatia. Sikujua kama ni daftari, Ignashka. Sikujua kama unaandika. Sikujua chochote. Moto ulishika, nikafurahi kwamba moto umeshika. Ndiyo tabasamu lako hilo."

Upepo ulivuma, na shingo za chupa, ambazo wote wawili walikuwa wamezisahau, zikalia kidogo.

"Hukujua kama ninaandika," Ignat alirudia. "Nilikuwa nakaa meza ileile na wewe. Kila siku. Miaka miwili."

"Nilidhani ni hesabu za shule."

Ignat alianza kucheka, lakini kicheko kile hakikuwa kizuri. "Unajua ni afadhali ungelisoma ukalichukia? Ningekuwa na adui. Sasa nina nini? Mtu aliyetaka kuwasha jiko!"

"Ni afadhali kwangu pia," alisema mzee kwa unyonge. "Ndiyo maana sikusema kwenye foleni. Litoe tu, mwanangu. Weka chochote. Weka nakuchapa fimbo, nitakubali, nilikuchapa kweli mara moja."

"Mara mbili."

"Basi weka mara mbili."

Walishuka. Kumbe tangu kioo kipasuke dohani ilikuwa wazi mpaka chini, na sauti za paani zilikuwa zikishuka ndani ya nyumba moja kwa moja, nono na safi, kama zimewekwa Moscow. Walipoingia, watu ishirini walikuwa wamesimama mbele ya jiko, na ghafla kila mmoja akapata kazi. Mmoja alikunja waya uliokwisha kunjwa. Vadik alikuwa anafuta macho akisema ni moshi. Zinaida Fominichna alikuwa amekaa kabisa, kwenye kiti, na glasi ya chai, kama yuko ukumbini.

Stolbov alivua kofia. "Ignat Savelyevich, mimi siwezi tena. Nimejiandaa mwezi mzima kuigiza katili. Sasa niigize nini? Mtu anayewasha jiko?"

Ignat aligeuka. Alimtazama baba yake, masizi usoni mpaka kwenye nyusi.

"Ndiyo," alisema. "Hilo hasa. Baba hatazami. Hajui. Anapapasa, anatia, moto unashika, anafurahi. Mtoto yuko mlangoni. Tuna saa mbili."

Wakajaribu. Stolbov alipapasa kama mwigizaji anayepapasa. Zaidi ya hayo, moto wake haukushika. Alizipanga kuni za mbetula kama vitabu kwenye kabati. Mara tatu aliwasha, mara tatu ukafa, na mara ya tatu Savely akashindwa kujizuia.

"Toka, Valerian Arkadyevich, toka, utawaua watu."

Mpiga kamera akamwangalia Ignat. Ignat akasema, "Mikono tu. Karibu. Uso hauonekani."

Kwa hiyo ndivyo Savely Tikhonovich alivyopiga magoti mbele ya jiko alilolijenga mwenyewe, na taa kali begani, aunguze daftari la mwanawe mara ya pili. Madaftari yalikuwepo manne. Matatu yamenakiliwa na wasaidizi, na moja Ignat aliliandika kwa mkono wake mwenyewe, hadithi zote kadiri alivyozikumbuka.

"Kamera!"

Mkono ukapapasa, ukapata daftari, ukasita, ukalitia.

"Kata. Baba, umelitazama."

"Sikulitazama."

"Kichwa kimeinama, kivuli chako kimeonekana. Hujui kama lipo! Tena."

Mara ya pili mkono haukusita, lakini ulilitia daftari jikoni polepole sana, kama unamlaza mtoto. Mara ya tatu Savely alipapasa vizuri kabisa, akalitia haraka, halafu mkono uleule ukarudi motoni kulitoa, na mrembeshaji akaja na mafuta ya kuungua.

"Baba, jamani!"

"Sasa nifanyeje? Najua ni la kwako!"

"Usijue!"

"Nilikaa miaka ishirini na miwili bila kujua, ukanichukia. Leo najua, unanifokea. Amua!"

Hakuna aliyecheka. Zinaida Fominichna aliacha hata kunywa chai. Lilibaki daftari moja, lile la mkono wa Ignat, na saa ya ukutani ilisema tano na dakika ishirini, na dereva wa Stolbov nje alikuwa ameshawasha gari lipate joto. Ignat aliliweka mwenyewe kwenye rundo la karatasi. Akamnong'oneza mpiga kamera kitu. Halafu, badala ya kurudi kwenye kiti chake, alichuchumaa karibu na baba yake, nje kidogo ya picha.

"Pumzika kwanza," alisema. "Washa tu moto, nyumba imepoa. Tutapiga baadaye."

"Afadhali," alisema Savely, akavuta kuni.

"Nilikuwa nafikiria, baba. Kule Moscow nina rafiki aliyejenga jiko kwenye nyumba yake ya mapumziko. Fundi wake kamwambia ile chumvi mnayotia kwenye udongo ni upuuzi. Ushirikina wa vibibi."

Mikono ya Savely ilisimama hewani. "Nani kasema?"

"Fundi. Ana cheti."

"Cheti! Cheti atakitia wapi, kwenye nyufa? Sikiliza wewe." Mkono wa kulia ulipanga kuni, mbili chini, mbili juu, katikati pa kupumulia. "Udongo usio na chumvi unakaukaje? Unakauka juu, ndani ungali tope. Ukiwasha, pa! Ufa!" Mkono wa kushoto ulipapasa pembeni, ukashika gazeti, ukalikunja, ukaingiza. "Chumvi inashika maji, maji yanatoka taratibu. Mimi nimejenga majiko mia mbili na kitu, Ignat, mia mbili, nitajie moja lenye ufa!" Mkono ukapapasa tena, ukashika kitu chenye jalada gumu, ukakichana katikati bila huruma, ukakisukuma chini ya kuni. "Hata la yule mwenyekiti, lililia, ndiyo, lakini lilipasuka? Halikupasuka!" Kiberiti. Mwali mdogo, kisha mkubwa, kisha ule mvumo mzito wa jiko linalovuta vizuri. Savely aliegemea nyuma, uso wake wote ukafunguka. "Unaona? Mara moja! Mwambie huyo wa cheti aje aone..."

Hakumaliza. Kamera ilikuwa inapiga, na mpiga kamera alikuwa amesahau kupumua. Savely alitazama pembeni. Rundo la karatasi lilikuwa limepungua. Akatazama ndani ya jiko, ambamo jalada la kijani lilikuwa linajikunja kwenye ncha.

"Nimelitia?"

"Umelitia," alisema Ignat.

"Ignashka, sikuona. Naapa sikuona."

"Najua, baba. Nilikuwa nimekaa hapa." Sauti ya Ignat ilikuwa imepasuka mahali, pengine haikutiwa chumvi ya kutosha. "Sasa najua."

Nje, gari la Stolbov lilipiga honi. Stolbov mwenyewe, koti limeshavaliwa, alisimama mlangoni akiitazama mikono ya mzee kwa macho ya mtu aliyeibiwa kazi. "Ile," alimwambia dereva aliyemfuata, "imesomea." Akaondoka bila soksi moja.

Hakuna aliyesema "kata". Savely alibaki amepiga magoti, amekodolea moto kama mtu anayejaribu kusoma kwa haraka kabla ukurasa haujaisha.

"Kulikuwa na nini ndani?" aliuliza.

Lilikuwa swali lililochelewa miaka ishirini na miwili, na Ignat alilipokea kama mtu aliyepewa mzigo na hajui aushike wapi. Akaketi sakafuni kabisa, karibu na bega la baba yake.

"Hadithi. Kumi na moja. Ya kwanza ilikuwa ya mbuzi wa Zinaida Fominichna. Anachaguliwa kuwa mwenyekiti wa halmashauri, na hakuna mtu anayegundua tofauti."

Kutoka kwenye kiti chenye glasi ya chai kukasikika mguno. Savely alicheka mpaka masizi yakamdondoka kwenye nyusi.

"Mbuzi yupi? Yule mweupe?"

"Mweusi. Ana pembe moja."

"Hakuwahi kuwa na mbuzi mweusi."

"Baba, ni hadithi."

"Hata kama ni hadithi. Zinaida, uliwahi kuwa na mbuzi mweusi?"

"Mweupe," alisema Zinaida Fominichna. "Na pembe zote mbili."

"Unaona? Kosa la kwanza hilo." Savely alisogeza kuni kidogo kwa kijiti, moto upate pumzi, akajiweka vizuri kwenye magoti yake. "Haya. Mweusi. Halafu?"